Pumu na Afya ya Akili (2): Uvimbe wa Kifua Unapofika Ubongoni

Juma lililopita tulieleza pumu ni nini: njia za hewa huvimba kwa ndani, hujaa makohozi mazito, na misuli yake hujikaza upesi zikiguswa na vumbi, moshi au baridi. Leo tunaingia katika jambo ambalo wagonjwa wengi hawaulizwi kliniki, nalo ni sonona na wasiwasi. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba hali hizi mbili huwapata wenye pumu zaidi kuliko watu wengine.

Zamani uhusiano huu ulielezwa kwa namna iliyowaumiza watu. Mwaka 1950, Franz Alexander, daktari wa nafsi wa Chicago, aliihesabu pumu miongoni mwa magonjwa saba aliyoamini yana mizizi katika migogoro ya moyoni. Kubanwa kifua kulifasiriwa kuwa kilio cha kumwita mama ambacho mtoto amekizuia. Mama wengi wakabebeshwa lawama isiyo yao. Dawa za steroidi za kuvuta zilipoingia katika miaka ya 1970 zikatuliza uvimbe wa njia za hewa, nadharia ile ikapoteza nguvu. Uhusiano wenyewe haukutoweka, ila leo tunauona mwilini.

Seli za kinga zilizochokozwa hutoa kemikali ziitwazo saitokini, zinazoita seli nyingine kuja kupigana. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa pumu isipodhibitiwa, uvimbe huo huonekana hata kwenye damu. Ubongo hupata habari zake kupitia damu na kupitia neva ya vagasi ipitayo kifuani. Ukishapata habari, huuamuru mwili upumzike: uchovu, kukosa hamu ya kula, kutotaka kuona watu. Aliyewahi kulala na malaria anaijua hali hiyo. Kwa siku tatu ni kinga. Ikidumu miezi, inaweza kumfungulia mtu mlango wa sonona. Ushahidi mmoja ulitoka kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa interferoni, ambayo yenyewe ni saitokini. Wengi wao walipata sonona wakiwa katikati ya tiba.

Njia hii hupitika pande zote mbili. Mwaka 2005, Melissa Rosenkranz, Richard Davidson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwachunguza watu sita wenye pumu nyepesi. Waliwavutisha kichochezi cha pumu, kisha wakawaonyesha maneno yanayohusu ugonjwa huo huku wakipima ubongo. Sehemu zinazoshughulika na hisia ziliamka, na mwamko huo ulikwenda sambamba na dalili za uvimbe mapafuni. Watu sita ni wachache, lakini matokeo hayo yalifungua ukurasa mpya wa uchunguzi.

Nyumbani jambo hili lina sura yake. Saa nane usiku mtu anaamka kifua kimebana, anavuta salbutamol. Muda mfupi baadaye mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Hayo ni madhara ya kawaida ya dawa hiyo, lakini yanafanana kabisa na hofu. Naye anaogopa kweli, anahema kwa kasi, anahisi hewa haitoshi, anavuta tena. Akirudia hivi usiku baada ya usiku, usingizi unapotea, na asiyelala huchoka hata kukumbuka dawa ya kinga ya kila siku. Uvimbe unazidi.

Dawa nazo zinataka uangalifu. Propranolol, ambayo wengine hupewa kutuliza mapigo ya moyo yaletwayo na wasiwasi, inaweza kuibana mirija ya mwenye pumu kwa namna ya hatari. Montelukast, dawa nyingine ya pumu, iliwekewa onyo kali mwaka 2020 na mamlaka ya dawa ya Marekani kwa sababu ya mabadiliko ya tabia, yakiwamo mawazo ya kujiua. Vidonge vya prednisolone pia vinaweza kuvuruga usingizi na hisia. Usiache dawa ghafla kwa sababu ya maelezo haya. Mweleze daktari unachokiona.

Kwa wahudumu wa afya, ombi langu ni maswali mawili kila mgonjwa wa pumu anapofika: unalalaje, na je, bado unafurahia mambo uliyozoea kuyafurahia? Kwako mwenye pumu, tumia dawa ya kinga kila siku hata kifua kikiwa kimetulia, kaa mbali na moshi, na usione aibu kusema kwamba moyo umechoka. Na ukibanwa usiku, usiamue kwamba ni hofu tu: fuata kwanza maelekezo ya pumu uliyopewa, na dawa isipokupa nafuu, nenda hospitali mara moja.

Itaendelea juma lijalo.