Je, nia njema yatosha?

Wazee wetu walituachia neno hili: Samaki mkunje angali mbichi. Sote twalikubali. Lakini mwenye kumkunja atajuaje kwamba hakumvunja? Wasomaji wapenzi, tutazame habari mbili za Marekani.

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, kazi kubwa ilianzishwa kwa shauri la mganga Richard Clarke Cabot, ili watoto wasije wakawa wahalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili, waliofanana kwa umri, tabia na hali ya nyumbani, kisha ikapigwa kura kwa sarafu. Mmoja alisaidiwa, mwenzake hakusaidiwa. Aliyesaidiwa alitembelewa nyumbani kwao mara mbili kwa mwezi, kwa miaka mitano hivi. Wengine walisaidiwa katika masomo, wengine walipata matibabu.

Baada ya miaka 30 hivi, Bibi Joan McCord aliwatafuta. Wengi wa waliosaidiwa walishukuru, wakasema kazi ile iliwafaa. Lakini alipochungua hati za mahakama, za hospitali na za vifo, alihuzunika: hawakuwapita wenzao kwa mwenendo mwema. Katika mambo mengine, kama ulevi na kurudia makosa, hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Aliyatangaza hayo mwaka 1978.

Basi tukate tamaa? Sivyo. Katika mji wa Ypsilanti, tangu mwaka 1962 hata 1967, watoto 123 wa jamaa maskini, wenye miaka mitatu au minne, waligawanywa katika makundi mawili. Watoto 58 walifundishwa shuleni, na mwalimu aliwatembelea nyumbani kila juma, mama akiwapo. Walipofikia miaka 40, katika kila 100 wa hao, 36 walikuwa wamekamatwa na polisi mara tano au zaidi. Katika wale wengine, 55. Watoto walikuwa wachache, lakini tofauti hiyo si ndogo.

Sisi tulio na vyama vya vijana, michezo na mafundisho, tujifunze hapa. Shukrani za mtoto hutufurahisha, lakini si kipimo. Pasipo kuwalinganisha na wenzao wasiosaidiwa, nani angalitambua kosa la kazi ile ya kwanza? Tuandike majina, tuwafuate vijana wetu miaka mingi, tena tusione haya kubadili njia isiyofaa. Mkulima hapimi mavuno kwa jasho lake, bali kwa vikapu vinavyoingia ghalani.