Rangi Gani Yafaa Ukuta Mpya?

Huenda mkashangaa kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu anawaandikia habari za rangi badala ya shairi. Subirini kwanza niwasimulie yaliyotupata nyumbani, papa hapa Kikima.

Mwaka jana mwezi wa Julai fundi alimaliza kupiga plasta sebule yetu. Ntheo ya dada ilikuwa Agosti. Baba akauza fahali, akanunua rangi ya mafuta ile ya kung'aa, na siku ya tisa ikapakwa, eti harufu iishe kabla wageni hawajafika. Majirani walikuja kuzitazama kuta. Kumbe! Siku ya ntheo mzee mmoja wa upande wa shemeji aliegemea ukuta akingoja chakula. Alipoinuka, koti lake lilikuwa limebeba rangi yetu mgongoni. Dada alikimbilia jikoni akalia. Baba hakusema neno.

Nililipeleka jambo hili kwa mwalimu wa kemia. Saruji ikichanganywa na maji hutoa chokaa, ile ile ambayo maji yake hugeuka meupe tunapoyapulizia kwa mrija maabarani. Chokaa ni alikali. Na je, mafuta yakikutana na alikali penye maji, hutokea nini? Sabuni! Yaani ukuta wetu ulikuwa unapika sabuni kwa fedha za fahali. Isitoshe, rangi ya mafuta huufunika ukuta kama karatasi ya nailoni. Maji yaliyo ndani hukosa njia, yakaisukuma rangi ikatoka malengelenge.

Kwa hiyo ukuta mpya upakwe rangi ya maji, hasa isiyong'aa, kwani huuacha upumue. Lakini hata hiyo usiipake kesho yake. Husubiriwa wiki 4 au zaidi, na sisi wa milima ya Mbooni, ambako ukungu wa Julai huingia mpaka ndani ya blanketi, tuongeze. Jioni bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa utepe. Asubuhi ukikuta matone chini yake, ngoja. Mimi mwalimu alinipa litmasi nyekundu pia: nililowesha ukuta kidogo, nikaibana hapo, ikawa buluu papo hapo. Ukiona unga mweupe kama munyu, upanguse kwa brashi kavu, wala usiuoshe.

Mkono wa kwanza uzimuliwe maji kwa kiasi kilichoandikwa mkebeni, ili plasta iunywe. Ukiupaka mzito utakaa juu kama utando wa maziwa, halafu ubanduke. Jikoni kwenye masizi rangi ya mafuta ina faida, maana huoshwa, ila ukuta uwe mkavu kabisa na utangulizwe rangi ya chini inayostahimili alikali.

Kuhusu rangi yenyewe, madirisha yetu ni madogo, basi tulichagua ya maziwa. Baba alitaka kijani. Mama akamwuliza kama anajenga zahanati.

Likizo ya Desemba tulikwangua ile ya zamani yote, mimi na kaka, mikono ikatoka malengelenge kama ukuta wenyewe. Yule mzee baba alimnunulia koti jingine. Shemeji anasema lile la kwanza bado hulivaa akienda shambani.