Je, Wajua? Mistari Ambayo Kompyuta Huiruka

Kila mwisho wa mwezi, zahanati za Geita na Shinyanga hujumlisha hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya: waliougua malaria, wajawazito waliokuja kliniki, watoto waliochanjwa. Hesabu hizo huishia kwenye DHIS2, programu iliyoenea Tanzania nzima kufikia 2013. Anayeziingiza hana haja ya kujua msimbo wa programu hiyo ukoje. Lakini msimbo huo uko wazi kwenye intaneti, na ukiufungua utakuta faili za Java kwa maelfu, karibu zote zikianza kwa maneno yale yale: hakimiliki ni ya Chuo Kikuu cha Oslo tangu 2004, ruhusa kutumia, kubadili na kusambaza, ilimradi tangazo hili libaki, dhamana hakuna.

Kompyuta haiyasomi. Yamezungushiwa alama za /* na */, na programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine huyaruka. Yameandikwa kwa ajili ya binadamu, hasa yule atakayekuja kuuliza, “Hii ni ya nani, na naruhusiwa nini?”

Kwa nini yarudiwe kwenye kila faili? Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Katoro ataelewa upesi. Leseni yake ni karatasi moja, nayo inatosha eneo lote, kwa kuwa eneo halihami. Mawe ndiyo yanayohama, na yakishasagwa kwenye karasha pamoja na ya wenzake, nani atasema yapi yametoka duara lipi? Faili la msimbo lina tabia ya mawe. Mtu hunakili moja tu alilolipenda, akalitia kwenye kazi yake, karatasi ya leseni akaiacha huko huko.

Na wapo wengi wanaodhani faili lisilo na maneno hayo ni la bure. Sivyo kabisa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta. Haki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, bila muhuri wala usajili. Faili lililo kimya, basi, halijamruhusu mtu kitu.

Kubandika tangazo kwa mkono kwenye maelfu ya faili ni adhabu, kwa hiyo kazi hiyo hupewa programu nyingine. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, una faili dogo liitwalo license-header.txt. Humo mna leseni ya Mozilla pamoja na kanusho la kitabibu. Chombo cha kubandika hulichukua na kulipeleka kwenye kila faili. Kina amri mbili kuu: moja hukagua tu na kugoma kuendelea ikikuta faili lisilo na tangazo, nyingine hubandika.

Ufundi wenyewe una mitego. Kila lugha ina alama zake: Java /*, Python #, HTML <!--. Faili la amri za Linux likianza na #!, mstari huo lazima ubaki wa kwanza. Tangazo likiutangulia, programu huenda isiwake. Chombo pia kisibandike mara mbili. addlicense, kilichotengenezwa Google, huchungulia baiti 1,000 za mwanzo kutafuta neno kama “copyright”, kikilikuta, hupita. JSON ndiyo kichwa ngumu, haina kabisa nafasi ya maelezo, hivyo tangazo huwekwa kwenye faili la pembeni lenye jina lile lile na mkia wa .license.

Siku hizi wengi wamechoshwa na aya ndefu na huandika mstari mmoja wa SPDX, yaani jina fupi la leseni. Mwaka 2017 watunzaji wa Linux waliuongeza kwenye faili zaidi ya 10,000 zilizokuwa hazijasema lolote. Hawakuiachia mashine peke yake. Faili zilipitiwa na watu kwanza.

Walifanya vyema, maana chombo hakijui nani aliandika nini. Ukikiachia folda yenye maktaba ya msimbo uliyoazima kwa mwingine, kinaweza kupiga jina lako juu ya jasho lake bila kusita. Ndiyo maana vyombo hivi huja na orodha ya folda za kurukwa, na orodha hiyo huijaza mtu.