Prospero

Prospero ni mhusika mkuu wa tamthilia *The Tempest* ya mwandishi Mwingereza William Shakespeare, iliyoandikwa mnamo 1610-1611 na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo cha mwandishi. Kwa Kiswahili tamthilia hiyo inaitwa *Tufani*, kufuatana na tafsiri ya Samuel Mushi iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1969. Mwaka huohuo mshairi na mwanasiasa wa Martinique, Aimé Césaire, alitoa kwa Kifaransa tamthilia *Une tempête*, maana yake "Tufani mojawapo". Humo Prospero yuleyule anaonyeshwa kuwa mkoloni asiyeweza kuishi bila mtumwa wake.

Prospero wa Shakespeare

Prospero alikuwa mtemi wa Milano, nchini Italia. Alipenda vitabu kuliko kazi ya utawala, akamwachia mdogo wake Antonio shughuli zote za serikali. Antonio alishirikiana na Alonso, mfalme wa Napoli, wakampindua. Prospero na binti yake Miranda, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, walitiwa katika chombo kibovu na kuachwa baharini. Mzee mmoja mwema, Gonzalo, aliwapa chakula, nguo na, jambo lililokuwa na maana zaidi, vitabu vya Prospero.

Walifika katika kisiwa ambacho hakikuwa kitupu. Alikuwako Caliban, mwana wa mchawi Sycorax aliyefukuzwa kutoka Algiers, mji wa Afrika ya Kaskazini. Alikuwako pia Ariel, roho wa hewani, ambaye Sycorax alikuwa amemfungia ndani ya mti. Prospero alimfungua Ariel, kisha akamfanya mtumishi wake kwa ahadi ya kumwachilia baadaye. Caliban alimpokea vizuri mgeni huyu, akamwonyesha chemchemi za maji matamu, mahali penye chumvi na ardhi yenye rutuba. Prospero naye alimfundisha lugha. Baada ya muda Caliban akajikuta mkata kuni wa mgeni, akilala mwambani katika kisiwa anachosema amerithi kwa mama yake.

Hapa wanafunzi wengi hukimbilia kumtetea Caliban bila kusoma hadi mwisho. Prospero anatoa sababu ya kumfanya mtumwa: anasema Caliban alijaribu kumbaka Miranda, na katika Shakespeare Caliban hakanushi. Jambo hilo halifuti swali la kisiwa ni cha nani, lakini anayejibu swali la mtihani hana ruhusa ya kuliruka.

Tamthilia inaanza miaka kumi na miwili baadaye. Meli ya Alonso inapita karibu na kisiwa ikitoka Tunis, alikokwenda kumwoza binti yake. Prospero anaamsha tufani na kuwaleta adui zake wote ufukweni. Anaweza kuwaua, badala yake anawatesa kwa hofu na majuto, anamwoza Miranda kwa Ferdinand mwana wa Alonso, anasamehe, anamwachilia Ariel na kuapa kuvunja fimbo yake na kukizamisha kitabu chake. Kisha anajitayarisha kurudi Milano. Kuhusu hatima ya Caliban Shakespeare hasemi waziwazi.

Mamlaka yake

Neno *mtemi*, ambalo Kiswahili kimelipata katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi, linasaidia kumwelewa Prospero, ingawa kwa kumtofautisha. Mtemi wa Usukuma naye alihusishwa na hali ya hewa: watu walimtazamia kuhakikisha mvua inanyesha, na ukame ulipozidi kiti chake kilikuwa hatarini. Kulikuwa na wazee waliomchagua, na hao waliweza pia kumwondoa. Kwa hiyo uwezo juu ya mawingu ulikuwa deni kwa watu. Prospero anazo mvua, radi na bahari, lakini hana mtu wa kumdai. Hakuna baraza kisiwani. Wanaomtumikia wanamtumikia kwa ahadi, kama Ariel, au kwa kubanwa misuli na kuchomwa viungo usiku kucha, kama Caliban.

Nguvu hizo zote zimo katika vitabu. Caliban anapokula njama ya kumpindua pamoja na Stephano na Trinculo, watumishi wawili walevi, anawasihi waviteke vitabu kwanza, maana bila hivyo bwana wao si kitu. Wenzake hawamsikilizi, wanavutwa na nguo nzuri zilizoanikwa, na njama inaishia hapo.

Prospero katika mjadala wa ukoloni

Kwa muda mrefu wasomaji wa Ulaya walimwona Prospero kama mzee mwenye hekima, na wengine walisema ni Shakespeare mwenyewe akiaga jukwaa. Mtazamo huo ulibadilika makoloni yalipoanza kudai uhuru. Mwaka 1950 Octave Mannoni, Mfaransa aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini Madagaska, alitoa kitabu kuhusu saikolojia ya ukoloni na kuwatumia Prospero na Caliban kama mifano. Alimwona mkoloni kuwa mtu anayehitaji kutawala, na Mmalagasi kuwa mtu anayehitaji kutegemea. Kitabu kilitoka miaka mitatu tu baada ya uasi wa 1947, ambapo Wamalagasi wengi waliuawa. Césaire alikipinga vikali, na Frantz Fanon akafuata mwaka 1952. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu aliyepokonywa ardhi haugui ugonjwa wa kutegemea.

Msomaji wa Bugarama au Geita hahitaji kwenda Madagaska ili kuona uzito wa jambo hili. Karibu na Bugarama, mwaka 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo la Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa. Mazingira si yale ya kisiwa cha Shakespeare, lakini hoja ya Caliban kwamba aliyetangulia kuyajua maji na udongo wa mahali ana haki fulani juu yake inasikika bila kutafsiriwa.

Prospero wa Césaire

*Une tempête* ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1969 huko Hammamet, nchini Tunisia, chini ya mwongozaji Jean-Marie Serreau. Césaire aliiandika kwa ajili ya jukwaa la watu weusi. Wahusika ni walewale, ila Caliban ni mtumwa mweusi, Ariel ni mtumwa chotara, na ameongezwa Eshu, mungu wa Wayoruba, anayeingia bila kualikwa na kuivuruga sherehe ya Prospero.

Caliban anapotokea, neno lake la kwanza ni la Kiswahili: *uhuru*. Prospero haelewi, na anachukizwa kusikia lugha asiyoifundisha yeye. Kwa Shakespeare, Caliban alijifunza lugha ya bwana akaitumia kulaani. Kwa Césaire anayo lugha nyingine ya kuanzia. Baadaye anakataa hata jina lake na kutaka aitwe X, mtu aliyeibiwa jina. Shutuma ya kubaka anaikana na kumrudishia Prospero mwenyewe. Ariel anaamini dhamiri ya bwana inaweza kuamshwa polepole, Caliban haamini. Mabishano yao hulinganishwa mara nyingi na tofauti za Martin Luther King na Malcolm X.

Badiliko kubwa liko mwishoni. Meli inaondoka, Prospero anabaki, kwa madai kwamba lazima aulinde ustaarabu. Miaka inapita. Amezeeka, anasikia baridi, wanyama wa porini wamejaa kwenye pango lake, na bado anamwita Caliban. Caliban haonekani; wimbo wake wa uhuru unasikika kwa mbali. Udhaifu wa kazi hii ni kwamba Miranda bado hana la kusema kuhusu maisha yake, na Sycorax, mwenye kisiwa wa kwanza, anabaki kuwa kumbukumbu ya mwanawe tu.

Katika Afrika ya Mashariki

Ngũgĩ wa Thiong'o alimleta Prospero nchini Kenya kabla ya Césaire. Katika riwaya *A Grain of Wheat* (1967), ofisa wa kikoloni John Thompson anakusanya maandishi ya kitabu alichokusudia kukiita "Prospero Afrika". Anaanza akiamini kazi ya Mwingereza ni kuelimisha. Maandishi yanavyoendelea yanazungumzia zaidi namna ya kuwashinda wakaidi. Baadaye anakuwa mkuu wa kambi ya Rira, ambako wafungwa kumi na mmoja wanakufa, idadi ileile ya waliouawa katika kambi ya Hola mwezi Machi 1959. Thompson anaondoka Kenya uhuru ukikaribia, na kitabu chake hakikukamilika.