Si Kila Damu ni Bawasiri: Mimba na Saratani ya Utumbo Mpana

Mjamzito akiona tone la damu ukeni, nyumba nzima huamka. Usafiri hutafutwa usiku huohuo, na kituoni anapokelewa kama mgonjwa wa dharura. Akiona damu kwenye kinyesi, mara nyingi hakuna anayeshtuka. Mama mkwe atasema ni bawasiri, kila mwenye mimba huipata. Duka la dawa litampa marhamu ya kupaka. Kliniki atashauriwa anywe maji mengi na ale mapapai. Kwa wanawake walio wengi ushauri huo ni sahihi, maana bawasiri ni jambo la kawaida katika ujauzito. Makala haya yanamhusu yule ambaye damu yake haitoki kwenye bawasiri.

Saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo iliyo juu ya njia ya haja kubwa, haitokei mara nyingi wakati wa mimba. Makadirio yanayotajwa sana ni mjamzito mmoja katika kila 13,000. Wala si ugonjwa mpya: daktari Mfaransa Jean Cruveilhier alieleza habari za mjamzito mwenye saratani ya puru tangu mwaka 1842. Ubaya wake ni kwamba dalili zake karibu zote ni malalamiko ya kawaida ya mimba.

Tazama jinsi mambo yanavyofanana. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya utumbo, chakula kikapita polepole na choo kikawa kigumu. Mji wa mimba ukikua hubana mishipa ya damu ya nyonga, bawasiri ikavimba na kuvuja. Vidonge vya madini chuma hufunga choo na kukifanya cheusi. Hemoglobini ikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, lawama huenda kwa lishe au malaria. Sasa uvimbe wa saratani nao huvuja damu, huziba njia ya choo, huleta maumivu ya tumbo na kichefuchefu, na humaliza damu mwilini kidogo kidogo. Ndiyo maana wajawazito wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa tayari hatua ya tatu au ya nne.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna mambo mawili zaidi yanayouficha. La kwanza ni imani kwamba huu ni ugonjwa wa wazee, na wa Wazungu. Imani hiyo ina historia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hii ni adimu Afrika, akahusisha hali hiyo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Vizazi vya madaktari vilifundishwa hivyo. Leo hali ni nyingine. Mwaka 2022 saratani ya utumbo mpana na puru ilikuwa ya tatu kwa wingi duniani, ikiwa na wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9, na katika hospitali za Afrika sehemu kubwa ya wagonjwa hawajafika miaka 50. Marekani nayo, ikiona vijana wakiongezeka, ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021. Jambo la pili ni mazoea ya kuita kila damu ya kinyesi amiba au kichocho, mgonjwa akapewa vidonge bila kupimwa.

Kwa hiyo ni dalili zipi zimfanye mjamzito aombe uchunguzi zaidi? Damu iliyochanganyika na kinyesi chenyewe. Damu inayoendelea ingawa bawasiri imetibiwa. Choo kilichobadilika, kikawa chembamba, au kufunga na kuhara vikapokezana. Kuhisi haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni. Uzito unaopungua wakati unapaswa kuongezeka. Wekundu wa damu usiopanda licha ya vidonge kunywewa ipasavyo. Na dalili yoyote kati ya hizi hupata uzito zaidi ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani ya utumbo kabla ya miaka 50.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Daktari au tabibu huvaa glavu na kuchunguza puru kwa kidole. Sehemu kubwa ya uvimbe ulioripotiwa kwa wajawazito ilikuwa kwenye puru, na mwingi wa aina hiyo kidole huufikia. Mtoto hadhuriki hata kidogo. Kinachozuia kipimo hiki ni aibu ya pande zote mbili, na aibu huondolewa kwa pazia, kwa kueleza kinachofanyika, na kwa kuomba ridhaa. Kikionyesha mashaka, utumbo wa chini unaweza kuchunguliwa kwa kamera na kinyama kikachukuliwa kupelekwa maabara. Kolonoskopi kamili, yaani kuchungulia utumbo mpana wote kwa kamera, hufanywa panapokuwa na sababu nzito, ikiwezekana kati ya mwezi wa nne na wa sita, mama akiwa amelalia ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa wa damu. Ultrasaundi na MRI isiyotumia dawa ya gadolinia husaidia kujua ugonjwa umefika wapi. Siti skani ya tumbo huepukwa kadiri inavyowezekana kwa sababu ya mionzi.

Majibu yakithibitisha saratani, swali la kwanza la familia huwa ni moja: tumwokoe mama au mtoto? Mara nyingi uchaguzi huo haupo. Kuitoa mimba hakuiponyi saratani, na hakujaonekana kumwongezea mama maisha. Kinachoamua njia ya matibabu ni umri wa mimba, mahali uvimbe ulipo, na uamuzi wa mama mwenyewe baada ya kuelezwa yote.

Upasuaji wa kuondoa uvimbe unaweza kufanyika mimba ikiwepo, na miezi ya katikati ndiyo salama zaidi. Dawa za saratani, ambazo wengi huziita kemo, hazitolewi katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa ndipo viungo vya mtoto vinapoumbika. Baada ya wiki ya 14 mchanganyiko wa fluorourasili na oksaliplatini umetumika kwa wajawazito kwa uangalizi wa karibu. Dawa husimamishwa takriban wiki tatu kabla ya kujifungua, ili chembe za damu za mama na za mtoto zipate kurudi. La sivyo, wote wawili wanaweza kuvuja damu au kupata maambukizi siku za uzazi. Mionzi ya nyonga haiwezi kwenda pamoja na mimba. Hapo ndipo palipo na uamuzi mgumu kuliko yote: saratani ya puru iliyogunduliwa mapema katika mimba na inayohitaji mionzi. Mama wa namna hiyo hapaswi kuamua peke yake, wala kuamuliwa na watu wengine.

Na mtoto je? Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha habari za watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani za aina mbalimbali wakiwa wajawazito. Wengi wao walipitiwa na kemo wakiwa tumboni. Walipolinganishwa na watoto wengine 129, maendeleo ya akili na afya ya moyo hayakutofautiana. Kilicholeta tofauti ni wiki za mimba: mtoto aliyezaliwa mapema zaidi ndiye aliyepata alama za chini, awe wa mama mwenye saratani au la. Na katika kundi la mama wenye saratani, watoto takriban sita kati ya kila kumi walizaliwa kabla ya wiki 37. Utafiti mwingine wa mwaka 2018, uliohusu wanawake 1,170, ulionyesha kwamba dawa za jamii ya platinamu, kama oksaliplatini, zinaambatana na watoto wenye uzito mdogo. Kwa hiyo ukuaji wa mtoto upimwe kwa ultrasaundi mara kwa mara.

Somo hapa ni kubwa, hasa kwetu ambako vitanda vya watoto njiti ni vichache. Hofu ya kemo isiwe sababu ya kumtoa mtoto katika wiki ya 30 ikiwa anaweza kukaa salama hadi wiki ya 37. Ikilazimika azaliwe mapema, mama ajifungulie hospitali yenye wodi ya njiti, achomwe sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na matunzo ya kangaruu, ngozi kwa ngozi, yaanze mapema. Saratani kuvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto ni jambo nadra sana. Hata hivyo kondo lipelekwe maabara. Mama anayeendelea na kemo asinyonyeshe, kwa kuwa dawa huweza kupita kwenye maziwa. Wanaomzunguka waelezwe hivyo mapema, asije akasimangwa kwa kumnyima mtoto ziwa.

Wapo pia waliopona na wanaotamani kuzaa. Mionzi ya nyonga huua mayai na kuudhoofisha mji wa mimba, kwa hiyo mazungumzo juu ya uzazi yafanyike kabla ya tiba kuanza. Madaktari wengi hushauri kusubiri miaka miwili hivi, kipindi ambacho ugonjwa hurudi zaidi. Mimba ya baadaye ihesabiwe kuwa ya kuangaliwa kwa karibu: shinikizo la damu lipimwe kila hudhurio, na dalili za kuzaa kabla ya wakati zifuatiliwe. Ikiwa saratani ilitokana na kasoro ya kurithi iitwayo sindromu ya Lynch, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na kwa aliyeirithi uchunguzi wa utumbo mara nyingi huanza akiwa na miaka 20 hadi 25.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu mara nane. Katika kila hudhurio anaulizwa kama ameona damu ukeni. Naomba wakunga na wauguzi waongeze swali moja: je, umeona damu ukienda haja kubwa? Akijibu ndiyo, achunguzwe kwa kidole kabla ya kupewa marhamu. Naye mjamzito asipoulizwa, aseme mwenyewe. Na kama dalili haziishi, aombe barua ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji. Ugonjwa ukionekana mapema, mama huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona, na mtoto ya kutimiza wiki zake tumboni.