Mlango wa Chuma Unabanduka Ka Ngozi? Usikubali Ule Deposit Yako Bure

Unaijua ile milango ya chuma imechorwa mistari ya mbao, ile imejaa kwa maploti mapya kuanzia Ruaka hadi Kitengela. Ukiwa mbali unaeza apa ni mahogani. Ikipigwa na jua miaka kadhaa, ngozi ya juu inaanza kubanduka ka mgongo wa msee alilala beach Mombasa bila shati. Siku ya kuhama, caretaker anaangalia mlango, anatikisa kichwa, anakushow, "Hii umeharibu, itakatwa kwa deposit."

Pole pole. Kabla ukubali, jua kwanza nini imefanyika.

Jua ndo mwizi

Hiyo mbao ni picha tu. Chini kuna bati la chuma, juu yake rangi, halafu picha ya mbao imebandikwa kwa moto. Mwisho kabisa inapigwa clear, ile inang'aa. Hiyo clear ndo ngao ya kila kitu iko chini yake.

Shida ni miale ya UV. Nairobi iko karibu na ikweta, na iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kila ukipanda mita 1,000, UV inaongezeka kitu ka asilimia 10. Clear ya bei rahisi haiwezani na hiyo. Inakauka, inapasuka, maji ya mvua inaingia chini, halafu inaachilia. Ndo maana mlango wa jirani ako upande wa kivuli bado uko fiti, na yote iliwekwa siku moja.

Sasa skiza hii: Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 66, inasema mpangaji halazimiki kurekebisha uchakavu wa matumizi ya kawaida. Soma agreement yako pia uone imeandikwa nini. Lakini ka uliusugua na waya ya sufuria, hiyo ni yako buda.

Angalia umefika wapi

Ka clear imetoka lakini mistari ya mbao bado iko, uko na bahati, kazi ni ndogo. Ka picha imeenda na unaona rangi ya chini, kazi imeongezeka. Ka kuna kutu, usingoje wiki ingine, juu kutu hailali.

Keja ikiwa ya kukodi, ongea na landlord kwanza, na umwandikie meseji ndo ibaki kwa rekodi. Anaeza hata kununua vifaa mwenyewe.

Vile unarekebisha

1. Osha mlango na maji na sabuni ya vyombo, suuza, wacha ukauke kabisa. Funika kitasa, kufuli na mpira wa pembeni na masking tape.

2. Toa clear yenye imelegea ukitumia kadi ya plastiki, ka ile ATM ya zamani. Usitumie kisu, utakwaruza picha.

3. Piga msasa laini, namba 400, ukiwa umeloweshwa maji. Enda polepole, hasa pale clear ya zamani inaishia, hadi ukipitisha kidole usisikie ngazi. Ukiona rangi ya mbao kwa msasa, wacha hapo hapo. Umefika kwa picha.

4. Panguza vumbi na kitambaa chenye white spirit kidogo. Thinner kali weka mbali, hiyo inaeza yeyusha picha yote na hapo sasa umejiletea msiba.

5. Pahali pa kutu, sugua hadi uone chuma safi, piga praima ya chuma, ikauke. Pahali picha imetoka, pitisha rangi ya kahawia inayofanana, halafu uvute mistari na brashi karibu kavu. Haitakuwa sawa mia kwa mia, lakini kwa korido hakuna mtu ataona.

6. Sasa clear mpya. Kwa hardware itisha vanishi ya nje yenye inazuia UV. Ile ya ndani itabanduka tena. Jaribu kwanza kwa kona ya chini na ungoje siku moja. Ikikunjamana, hizo mbili hazielewani, tafuta aina ingine. Ikiwa poa, piga mikono miwili au mitatu, nyembamba nyembamba. Kati ya mkono na mkono ngoja masaa yenye imeandikwa kwa mkebe.

Fanya hii kazi asubuhi, mlango ukiwa kwa kivuli na hakuna dalili ya mvua. Chuma ikiwa moto, vanishi inafanya mapovu. Madirisha yawe wazi, jiko na fegi zikae mbali. Na usifunge mlango mapema, utashikana na fremu na kazi yote iishie hapo.

Ukishamaliza

Osha na kitambaa laini na sabuni tu, Jik hapana. Ukiona clear imeanza kufifia, ongeza mkono mmoja kabla ibanduke.

Na ka unahamia keja mpya wikendi hii, kabla hata kitanda kiingie, piga mlango picha mbele na nyuma, halafu tumia caretaker kwa WhatsApp. Hiyo picha yenye tarehe ndo itakutetea siku ya kudai deposit.