Umeme wa Kichwani na Mgongo wa Mkulima wa Uluguru

Mgongo unaouma kwa zaidi ya miezi 3 si lazima uwe bado na jeraha. Mara nyingi uti wa mgongo na ubongo vimekuwa vyepesi mno kuhisi, hata kuinama kidogo kukapokelewa kama hatari. Ndiyo sababu watafiti wameamua kuuendea ubongo wenyewe. Elektrodi mbili hubandikwa kichwani, kisha umeme hafifu wa miliampia 1 au 2 hupitishwa kwa dakika 20 hivi juu ya eneo linaloongoza misuli. Umeme huo huziweka seli za neva tayari zaidi kuitikia, na mazoezi yanayoambatana nao huamsha uwezo wa mwili wa kujituliza. Mwaka 2016, watafiti wa Brazil walichapisha jaribio la wagonjwa 45 wa faibromayalijia, maradhi ya maumivu ya mwili mzima: waliopewa umeme pamoja na mazoezi walipungukiwa na maumivu kuliko waliopewa kimoja tu.

Matumaini hayo yana mipaka. Jaribio la Ujerumani la mwaka 2015, lenye wagonjwa 135 wa mgongo, liliona kwamba umeme wa kweli haukuushinda ule wa kuigiza. Watafiti wake, hata hivyo, hawakuuchanganya umeme na mazoezi, bali na tiba ya fikra na mwenendo. Mazoezi yenyewe yana ushahidi mpana zaidi: mapitio ya mwaka 2021 yalikusanya majaribio 249 kuhusu mgongo sugu na kukuta mazoezi yanapunguza maumivu. Kwangu mimi, basi, mazoezi ndiyo tiba na umeme ni msaidizi ambaye bado anapimwa.

Kuna atakayeuliza: mama wa milima ya Uluguru anayeteremka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi kichwani, au anayelima makinga maji ya Mgeta kwa jembe la mkono, anahitaji mazoezi gani tena? Swali ni la haki, lakini kazi si mazoezi ya tiba. Mzigo haupungui siku mgongo unapowaka, na jembe hurudia mwinamo uleule kutwa. Mazoezi ya tiba huanzia pale mwili unapoweza, huongezwa kidogo kidogo, na huufundisha ubongo upya kwamba kuinama si kuumia. Wengine watasema kifaa chenyewe cha umeme huendeshwa kwa betri, kwa hiyo kinunuliwe tu. Betri haimwelekezi mgonjwa namna ya kusogea. Fedha ya kwanza ya mkoa wa Morogoro imlipe mtaalamu wa fiziotherapia atakayefika Mgeta na Matombo kwa ratiba inayojulikana. Mashine ije baadaye, ijaribiwe kwa wakulima hawahawa.